Kurudi kwenye dayari ya mtandaoni baada ya miaka ya kuposti: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Niliandika dayari mtandaoni kuanzia 2004 mpaka 2009, nikaacha, nikahamia kwenye mitandao ya kijamii kama wengine wote, na sasa nimerudi, huu mwaka wa pili. Tangu nianze kuwaambia watu, maswali yanakuja yaleyale, tena wengine wanauliza kwa sauti ya mtu anaetaka kujua kama umejiunga na dini mpya, kwahiyo nimeona niyajibu yote kwa mkupuo. Hayajapangwa. Mengine nimeyajibu kwa kirefu kwa sababu yananigusa, mengine mstari mmoja unatosha.

Dayari ya mtandaoni ndo nini? Si ndo kuposti kulekule?

Sio kulekule. Dayari ni tarehe, halafu chini yake siku ilivyokwenda. Ya leo iko juu, ya jana inafuata, na hakuna mtambo unaokaa katikati kuamua ipi ionekane na ipi izikwe. Unaweza kuiacha wazi kwa dunia nzima, unaweza kuifunga wasome watu watano wenye nenosiri, au ukabaki nayo mwenyewe. Inaitwa ya mtandaoni kwa sababu tu unaifungua kwenye brauza popote ulipo, haikai chini ya godoro.

Kwani hii ni fasheni mpya?

Ni kongwe kuliko mitandao yenyewe. Justin Hall, alikuwa mwanafunzi wa chuo huko Marekani, alianza kuweka habari za maisha yake kwenye tovuti yake mwaka 1994. Carolyn Burke wa Canada akafuata na dayari yake Januari 1995. Wakati huo ulitakiwa ujue kuandika HTML, lugha ya kutengenezea kurasa za mtandao, kwa mkono, sio mchezo. 1998 ikaja Open Diary ambayo iliruhusu msomaji aache neno chini ya ulichoandika, halafu 1999 zikamwagika kwa pamoja: LiveJournal, Diaryland, Blogger. LiveJournal aliitengeneza Brad Fitzpatrick ili marafiki zake wa shule wajue anaendeleaje, basi, hakuwa na mpango mkubwa kihivyo. Ilikuwa na kisanduku cha kuandika leo moyo wako ukoje na kingine cha wimbo unaosikiliza, na kwa kila ukurasa unachagua nani asome na nani asisome. Watu waliokulia pale mpaka leo ukiwatajia kile kisanduku cha moyo wanacheka wenyewe.

Sasa ikawaje watu wakaacha?

Hakuna siku mtu aliamka akasema naacha, mi mwenyewe sikumbuki ukurasa wangu wa mwisho niliandika nikijua ni wa mwisho. Facebook ilianza 2004, Twitter 2006 na herufi zake 140 (zikawa 280 mwaka 2017). Septemba 2006 Facebook wakaleta ule mkeka wa habari, yaani badala ya wewe kwenda kwenye ukurasa wa mtu kumsoma, vitu vya watu wote vinakuja kwako vimechanganywa. Mwaka huohuo wa 2006 jamaa anaitwa Aza Raskin akabuni ule ukurasa usiokuwa na mwisho, unaskroli unaskroli haufiki chini, baadae mwenyewe alisema hadharani anajuta. Februari 2009 kikaja kitufe cha laiki. 2009, ndo mwaka nilioacha mimi, sisemi kitufe ndo kiliniondoa ila ukipata laiki arobaini kwa maneno sita, nani ana nguvu ya kukaa aandike kurasa mbili zisomwe na watu watatu? Halafu Julai 2013 Google wakaizima Google Reader, ambayo wengi ndo walikuwa wanasomea dayari za wenzao, na waliokuwa bado wanaandika wakajikuta wanaongea na ukuta.

Wewe kilichokurudisha ni nini?

Hili ndo swali lenyewe.

Kuna siku niliamua kudaunlodi kila kitu nilichowahi kuposti. Facebook wanaruhusu tangu 2010, unaomba, wanakutayarishia faili, linakuja. Nikalifungua, nikaanza kupitia mwaka mmoja mmoja, nikafika 2016. 2016 baba yangu aliumwa miezi saba, na mwisho wa ule mwezi wa saba hatukuwa nae tena. Nikawa natafuta yuko wapi. Nilichokuta kwa mwaka mzima: pongezi za birthday nyingi, video ya mbuzi anaanguka kwenye ngazi ambayo niliisambaza na vicheko sita, na picha moja ya jua linazama, kepsheni "Mungu ni mwema", laiki sitini na kitu.

Ile picha naijua. Niliipiga kwenye dirisha la wodi, ghorofa ya pili, nimempa baba mgongo. Chupa ya maji ya oksijeni ilikuwa inabubujika nyuma yangu muda wote. Nakumbuka nilisogea kushoto kidogo ili ukingo wa kitanda usiingie kwenye picha. Yani nilikuwa pale, simu mkononi, na kazi niliyoifanya ilikuwa ni kumtoa.

Jioni ileile nikaenda kutafuta mabaki ya dayari yangu ya zamani. Ukurasa mmoja wa 2004, sio wa maana yoyote, nimeandika baba anatengeneza redio kwa kisu cha mezani na ananikemea nisiguse waya, "huo waya unaua", na yeye mwenyewe kaushika. Ndo huyo. Sauti yake kabisa, kwenye mistari mitano ya kitoto yenye makosa ya herufi. Wiki iliyofuata nikaanza kuandika tena.

Nikikaa niandike inatoka kepsheni. Sentensi mbili, nimeishiwa. Ni mimi tu?

Sio wewe tu, ni mkono umezoea. Ukurasa wangu wa kwanza baada ya kurudi ulikuwa huu, na nimeuacha palepale sijaufuta: "Siku ndefu. Ila tumepambana." Kesho yake nikausoma nikajiuliza, tumepambana akina nani? Naishi peke yangu. Hiyo "tu" ilikuwa ni ya watazamaji, ilitoka yenyewe kama jasho.

Kilichonisaidia kwanza ni kujikataza mafunzo. Mitandaoni kila kitu kinaishia na funzo, umekosa basi umejifunza uvumilivu, umeachwa umejifunza kujipenda, mpaka mtu akiungua mkono na pasi anatafuta neno la hekima. Kwenye dayari acha, ulikosa basi, andika ulisimama wapi na pembeni yako kulikuwa na nani. Pili, andika mtu alisema nini kwa maneno yake, sio maana ya alichosema. Tatu, ukiandika neno kama "ndefu" au "nzuri" au "changamoto", simama ujiulize nini hasa kilitokea. Siku yangu ndefu nikajaribu kuiandika upya ikawa hivi:

"Fundi alisema anakuja saa nne, kaja saa nane na dakika kumi, hana hata bisibisi. Kaangalia bomba kama sekunde kumi akaanza kugonga ukuta kwa kidole huku kainamisha sikio. Kasema tatizo sio bomba, tatizo ni ukuta. Nikamuuliza sasa ukuta tunaufanyaje, akasema hilo ni swali la mwenye nyumba."

Sio kitu kikubwa, lakini miaka kumi ijayo nikisoma nitamuona yule fundi na kidole chake, wakati "tumepambana" nitaisoma nisijue hata ilikuwa inahusu nini. Kwangu mimi ilichukua kama miezi mitatu mkono kuachia. Usijikasirikie.

Nianzie huduma gani?

Kama unataka kitu kinachofanana na zamani, Dreamwidth. Ilianza 2009, waanzilishi wake walikuwa wafanyakazi wa LiveJournal, wakachukua msimbo wa LiveJournal, yaani maandishi yanayoendesha programu, ulioachwa wazi mtu yeyote autumie, wakajenga ya kwao, haina matangazo, akaunti ya bure ipo, na kila ukurasa unachagua nani asome. Sura yake ni ya kizamani sana, mi ndo naipendea hapo. WordPress ipo tangu 2003, unaweza kuitumia kwao au ukaiweka kwenye seva yako mwenyewe (kompyuta inayohifadhi tovuti), kubwa na ina mambo mengi kuliko unayohitaji. LiveJournal yenyewe bado ipo ila iliuzwa 2005, ikauzwa tena 2007 kwa kampuni ya Urusi, na mwisho wa 2016 seva zikahamishiwa hukohuko Urusi, watu wengi wakaondoka. Mi sina neno na wanaobaki, ila hilo likae kichwani, kwamba dayari yako inaweza kuuzwa na wewe ukiwa ndani kama mpangaji.

Mimi natumia faili za kawaida za maandishi na domeini yangu, yaani anwani ya tovuti niliyoisajili mwenyewe. Sikushauri uanzie hapo. Nilitumia wiki tatu kuchagua aina ya herufi na rangi ya pembeni, bila kuandika hata mstari mmoja, na kila usiku nilikuwa nalala nikijiona nimefanya kazi.

Na huduma ikifungwa?

Itafungwa. Weka akilini itafungwa tu. GeoCities ilizimwa Oktoba 2009, Vox Septemba 2010, Posterous Aprili 2013, Google+ Aprili 2019, Typepad Septemba 2025. Open Diary ilifungwa 2014 ikarudi 2018, hiyo ni bahati ya mtende. MySpace, mtandao wa kijamii wa zamani, 2019 walikiri kwamba muziki ambao watu waliuweka kwa zaidi ya miaka kumi umepotea wakati wanahamisha seva, na hawakuwa na bakapu, kampuni nzima.

Ya kwangu ya zamani ilikuwa kwenye huduma ambayo nayo ilizimwa, walituma barua pepe ya onyo kwenye anwani ambayo nilishaacha kuitumia miaka mingi. Nilichokiokoa nimekiokoa Wayback Machine, wale wa Internet Archive ambao wanapiga picha kurasa za mtandao tangu 1996 na wakafungulia watu wote 2001. Ingiza anwani yako ya zamani pale ujaribu. Mimi nilipata 2004, 2005, vipande vya 2007 na 2008. 2006 hamna kitu, na 2006 ndo mwaka niliohama nyumbani.

Kwahiyo kila mwezi toa nakala ya kila kitu, iweke sehemu mbili, moja iwe haiko mtandaoni. Na uifungue! Watu wanapiga bakapu mwaka mzima halafu siku ya shida faili halifunguki. Kama unaweza, iwe maandishi ya kawaida, maana faili la maandishi la 1995 mpaka leo linafunguka kwenye kompyuta yoyote.

Nani atasoma?

Wachache sana. Mimi nawajua sita, mmoja wao ni mimi.

Ila kuna wanaofuata kwa RSS, ambayo ni kama bomba la habari linalompelekea msomaji ukurasa mpya ukitoka, bila wewe kujua ni nani na bila mtu kupanga foleni. Ilianza 1999, wengi wanadhani imekufa, kumbe podikasti nyingi wanazosikiliza kila asubuhi zinapita humohumo.

Nitumie jina langu?

Inategemea unaandika nini, ila usidhani jina la bandia linakuficha. Heather Armstrong wa Marekani alifukuzwa kazi 2002 kwa alichokuwa anaandika kuhusu kazini kwake, na jina la tovuti yake, dooce, likageuka kitenzi kwenye Kiingereza cha mtandaoni chenye maana ya kupoteza kazi kwa sababu ya ulichoandika. Hiyo ni kabla hata Facebook haijazaliwa.

Mi kosa langu lilikuwa dogo lakini bado linanichoma. 2008 niliandika kuhusu mtu wa ofisini aliekuwa analia chooni. Sikutaja jina. Nilitaja rangi ya kilemba chake, kwa sababu nilijiona mwandishi. Ofisi nzima ikajua, na yeye akajua kwamba ofisi nzima inajua. Hakuniambia kitu, aliacha tu kunisalimia. Tangu hapo nina sheria moja, machozi yangu nayaandika vyovyote nitakavyo, ya mtu mwingine sina ruhusa nayo hata nikiyaona kwa macho, na kama siwezi kujizuia naandika kwenye ukurasa uliofungwa.

Mambo mengine ya haraka haraka. Picha za simu mara nyingi zinabeba ndani yake mahali zilipopigwa, zisafishe kabla hujaweka. Unaweza kuiambia mitambo ya kutafuta isioneshe kurasa zako kwa alama ya noindex, na kuna faili la robots.txt la kuizuia mitambo isipite, desturi ya tangu 1994, ila vyote hivyo ni ombi na sio kufuli. Anaetaka kupita anapita. Kitu ambacho kikisomwa na bosi, mama au mtalaka wako kitakuvuruga, kiwekee nenosiri au kiandike kwenye karatasi.

Ni kweli kuandika kunatibu?

Kuna utafiti maarufu wa 1986, wa James Pennebaker na Sandra Beall. Waliwapa wanafunzi wa chuo dakika 15 kwa siku nne mfululizo waandike, wengine kuhusu jambo lililowaumiza maishani, wengine vitu vya kawaida tu. Walioandika tukio lenyewe pamoja na walivyojisikia, miezi iliyofuata walienda kituo cha afya cha chuo mara chache kuliko wale wa vitu vya kawaida. Watu wanapenda kukitaja hicho, hawataji kingine kwamba mara tu baada ya kuandika walijisikia vibaya zaidi. Na hakuna aliekuwa anasubiri komenti.

Mi naona inasaidia, ila sio dawa. Nilipoanza kuandika kuhusu baba nilikaa siku mbili sitaki kuongea na mtu. Kama kitu ni kizito na hakishuki, tafuta mtaalamu uongee nae, usiifanye dayari iwe daktari.

Nifute akaunti zangu za mitandao?

Sio lazima. Mi nimebaki na moja kwa ajili ya kuongea na ndugu. Kuna wanaoandika kwanza kwao halafu wanaweka linki kule, ni mpango mzuri, kitu kinabaki chako na watu wanakiona. Mimi nilijaribu wiki mbili nikaacha kwa sababu nilijikuta nafungua kule kila dakika tano kuangalia nani kagusa, halafu nikaanza kuandika vitu vitakavyoguswa. Wewe labda una moyo mgumu kuliko mimi.

Niweke sehemu ya komenti?

Mimi sina. Nimeweka anwani ya barua pepe chini. Kwa mwaka zimekuja kama kumi, moja tu ndo ilikuwa ya matusi, tena matusi yaliyoandikwa kwa ustadi.

Posti zangu za zamani nizihamishie kwenye dayari?

Data ni zako, wala sio hisani ya mtu, Ulaya ni sheria kabisa tangu Mei 2018 kwamba lazima wakupe kwa mfumo unaoweza kuondoka nao. Lakini usizimwage zote. Nilimwaga zote mwanzoni, zaidi ya elfu tatu, dayari ikawa kama droo la nyaya.

Sasa hivi nafanya hivi. Kila Jumapili nachukua posti moja ya zamani, naiweka na tarehe yake, halafu chini naandika kilichokuwepo pale ambacho sikukionesha. Nyingine hazina kitu, birthday ya mtu ni birthday ya mtu. Ila ile ya mbuzi kwenye ngazi, nilipokaa nayo nikakumbuka niliisambaza saa tisa usiku kwenye benchi la korido, nesi alikuwa katutoa nje, na kaka yangu alikuwa ananiegemea amelala na viatu kavua. Ile ya jua imefika kurasa nne na bado sijamaliza, nimekwama pale baba anapoamka akaniuliza nje kuna nini cha kupiga picha, najaribu kukumbuka nilimjibu nini.

Wewe unaandika kila siku?

Wapi. Nilianza kwa kasi, kila siku, nikafika siku ya ishirini na mbili nikachoka, nikakaa wiki sita, nikarudi bila kuomba msamaha, maana wale wanaoanza kila ukurasa na "samahanini nilipotea" wanamuomba nani? Mwezi wa pili mwaka huu nimeandika mara moja tu, na ukurasa wote ni huu: "Fundi amerudi. Ni bomba."